Aliyefupika kwa Inchi Sita

Mtaani walimwita Nanikasema, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza, "Nani kasema?" kisha atatoka nje akahakikishe mwenyewe. Alikuwa fundi kufuli wa miaka hamsini na saba, na ni kazi hiyo iliyomfundisha kutoamini. Kila wiki watu walisimama mbele ya meza yake wameshika kitasa kilichong'olewa, wakiapa kwamba nyumba ni yao na funguo zimepotea. Yeye aliwatazama viatu kwanza, halafu mikono, halafu akauliza mlango wenyewe unafungukia ndani au nje. Akiona mtu anafikiri kabla ya kujibu, alimrudishia kitasa chake na kumwomba arudi na jirani.

Mlango wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa na kufuli nne. Mkewe alikuwa akisema kwamba akitoka sokoni huanza kufungua kufuli mboga zikiwa mbichi, na akimaliza zimeshanyauka.

Mwuguzi alikuja dukani Jumanne asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa viatu vyeupe vya raba, na kifuani alikumbatia bahasha ya kaki. Hakuwa na kitasa wala ufunguo. Alisalimia, akataja majina matatu ya babu yake fundi, yote kwa mpangilio, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Huyo ni babu yako?" akauliza.

"Nani anauliza?"

"Mimi ni mwuguzi. Nimesafiri siku mbili kufika hapa. Nadhani mimi na wewe ni ndugu."

Machale yakamcheza Nanikasema papo hapo. Aliweka tupa mezani, akajifuta mikono, wala hakumkaribisha kiti.

Mwuguzi hakungoja kukaribishwa; alieleza akiwa amesimama. Babu yake, baba wa mama yake, alitoka kwao kwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe, mwaka wa arobaini, akamwacha mke mwenye mimba ya miezi miwili. Hakurudi. Miaka ilipita, kisha msafiri mmoja akaleta habari kwamba jina lake limo kwenye daftari la reli, ni mshika bendera, tena amepandishwa cheo. "Bibi akajua ameachwa," mwuguzi alisema. "Hakuolewa tena. Alikufa na kinyongo chake. Mimi nimeanza kutafuta mwaka juzi, nikapata kitabu cha wastaafu wa reli. Anuani iliyoandikwa ni ya mtaa huu."

Akatoa nakala ya ukurasa. Jina lilikuwa lile lile lililochongwa kwenye kaburi la babu yake Nanikasema. Jina lile lile lilikuwa la tatu kwenye kitambulisho kilichokuwa mfukoni mwake wakati huo huo.

"Sasa unataka nini?"

"Kujua tu."

"Kujua tu," Nanikasema alirudia, kwa sauti aliyozoea kuwapa wenye vitasa vya kung'oa. Tangu azaliwe hakuwahi kukutana na mtu aliyesafiri siku mbili kwa ajili ya kujua tu. Akamhoji kidogo, ikatoka kwamba mwuguzi yuko mjini kwa semina ya wiki tatu katika hospitali kuu. Ahaa! Siku mbili njiani, kumbe semina. Akamwambia arudi semina ikiisha.

"Anataka nyumba," alimwambia mkewe mchana.

"Kasema anataka nyumba?"

"Hajasema. Ndiyo ujue ni mjanja."

Nyumba yenyewe ilijengwa na babu, vyumba vinne na baraza, na hati yake ilikuwa bado kwa jina la babu kwa sababu hakuna aliyewahi kushughulika kuibadilisha. Jioni hiyo Nanikasema alibadilisha kitasa cha lango. Hati akaitoa kabatini na kuificha ndani ya debe la unga. Kesho yake mkewe alichota unga akaibuka na hati, akaipangusa, akairudisha kabatini bila kusema neno, ila alivyofunga mlango wa kabati ilitosha.

Fundi alikata shauri kumwumbua mwuguzi kwa kutumia silaha yake mwenyewe: karatasi. Kama yeye amepekua madaftari, basi na yeye Nanikasema atapekua.

Jengo la kumbukumbu lilikuwa nyuma ya posta, na chumba cha kusomea kilikuwa chini ya karani mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Mwanamke huyo alimtazama viatu kwanza. Halafu mikono.

"Unamtafuta nani?"

"Babu yangu."

"Una uhakika ni babu yako?"

Nanikasema akafurahi moyoni. Kwa mara ya kwanza amekutana na mtu wa aina yake. Karani alimnyang'anya kalamu ya wino, akampa ya risasi. Akamwambia alete barua ya serikali ya mtaa. Alipoileta, akaambiwa mhuri haujakaa sawa. Mara ya tatu, faili la mfanyakazi wa reli liliwekwa mbele yake, jembamba, limefungwa utepe, linanuka vumbi na mende.

Ndani mlikuwa na mambo mawili tu ya maana. La kwanza lilikuwa cheti cha kazi kilichotolewa machimboni mwezi wa kumi na moja mwaka wa arobaini. Majina matatu ya babu. Urefu: futi tano na inchi kumi. Alama mwilini: kovu juu ya nyusi ya kushoto. Elimu: hajui kusoma wala kuandika. Mahali pa saini palikuwa na alama ya dole gumba.

La pili lilikuwa fomu ya daktari wa reli, ya mwezi wa sita mwaka uliofuata. Majina yale yale. Namba ya cheti ile ile, na karani wa reli alikuwa ameandika pembeni, "Cheti kimeonwa." Urefu: futi tano na inchi nne. Alama mwilini: hakuna. Chini, pembeni ya alama ya dole, palikuwa na saini iliyolazwa upande mmoja kwa mwandiko safi kabisa.

Nanikasema alisoma mara mbili, akavua miwani, akasoma tena. Amesikia watu wanaorefuka. Hajasikia mwanaume wa miaka ishirini na sita aliyefupika inchi sita kwa miezi saba, kovu likafutika, na katikati ya kupasua mawe akajifunza kuandika kuliko mwalimu.

Mwanzo alitaka kupiga vigelegele. Watu wawili! Basi babu wa mwuguzi ni mwingine na babu yake ni mwingine, wamefanana majina, kwisha habari. Babu yake alikuwa mfupi, kila mtu anajua. Kwenye picha ya sebuleni bibi amemzidi kichwa, na ndani ya nyumba palikuwa na kigoda ambacho hakuna aliyekikalia kwa sababu kilikuwa cha babu kuwashia taa. Lakini furaha hiyo haikufika mlangoni. Namba ya cheti ilikuwa moja.

Akatoa mfukoni kioo cha kukuzia, kile cha kukagulia meno ya funguo. Karani akanyanyuka nusu kwenye kiti. Nanikasema akainama juu ya alama ya kwanza ya dole, mistari inazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Akahamia ya pili, mistari inapanda na kushuka kama kilima. Miaka thelathini alikuwa akiambiwa na wateja kwamba funguo fulani mbili ni za kufuli moja, na macho yake yanakataa. Macho yakakataa tena.

Cheti kimoja, watu wawili. Mwenye cheti yuko wapi?

Alirudi nyumbani kwa miguu, na kila hatua wazo lile lile lilimrudia. Mtu mwenye nguvu zake na cheti chake hawezi kukiachia hivi hivi. Mshuku wa watu wote mtaani alikuwa sasa anamshuku babu yake mzazi, mzee aliyekuwa akimbeba mabegani kumwonyesha treni. Mezani alikisukuma chakula huku na huku.

"Umekuta nini huko?" mkewe akamwuliza.

"Babu amevaa jina la mtu."

"Aliliazima?"

"Jina haliazimwi, mke wangu. Ama umepewa ama umechukua. Na kama amechukua, yule mwenzake alikuwa wapi asiseme?"

Mkewe akasogeza sahani pembeni. "Unaweza kunyamaza," alisema taratibu. "Mwambie mwuguzi hukuona kitu."

Kesho yake Nanikasema alikwenda kwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa kitinda mimba wa babu, mama wa karibu miaka themanini, mjane, anaishi peke yake chumba cha uani na redio isiyozimwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na uso wa polisi. Kuna nini?"

Akamweleza habari za urefu na saini tu. Habari za mwuguzi hakumwambia, kwa sababu alitaka kuona atasema nini mwenyewe.

"Baba alikuwa mrefu ujanani," shangazi alisema bila kupepesa macho.

"Akafupika?"

"Kazi za reli ngumu, mwanangu."

"Shangazi!"

"Nini? Wewe uliniona mimi nilivyokuwa? Mbona sasa sifiki kwenye kabati?" Akaongeza sauti ya redio. "Na makarani wa zamani walikuwa wanajiandikia tu. Mtu wa kovu wanamwandika hana, asiye na kovu wanamwandika analo. Utawaamini hao?"

Nanikasema aliinuka, akaenda kuizima redio.

"Kovu sijalitaja, shangazi."

Shangazi alikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Alipozungumza hakuwa na mzaha tena.

"Nenda machimboni. Yamefungwa, lakini zahanati ipo na madaftari wanayo. Tafuta mwezi wa nne. Ukishasoma, rudi nikwambie. Nikikwambia mimi kwanza utauliza nani kasema."

Machimbo yalikuwa mwendo wa saa tano kwa basi. Yaliyobaki ni shimo kubwa lenye maji ya kijani, safu ya vibanda visivyo na mapaa, na zahanati iliyopakwa chokaa upya. Mganga wa zahanati, kijana mpole, alimtolea daftari la maziko bila hata kuuliza barua. Upole huo ukamtia wasiwasi Nanikasema; akakagua mshono wa daftari kama kuna ukurasa uliochanwa. Haukuwepo.

Mwezi wa nne, mwaka wa arobaini na moja. Siku moja ilikuwa na watu wanne. Sababu ya kifo, kwa wote: mwamba uliporomoka. Akavuta pumzi ndefu. Watu wanne hawauawi na mtu mmoja mfupi kwa mwamba. Alishuka kwa kidole. Wa tatu aliandikwa kwa jina ambalo Nanikasema hajawahi kulisikia: futi tano na inchi kumi, kovu juu ya nyusi ya kushoto, kaburi namba kumi na saba. Kwenye safu ya mwisho, aliyetambua maiti: mwenzake wa chumbani. Na saini.

Hapakuhitajika kioo cha kukuzia. Saini ilikuwa imelala upande mmoja, kwa mwandiko safi, na jina lililosainiwa lilikuwa la babu, majina matatu yote. Mtu mfupi alisimama hapa, mbele ya mwenzake aliyelala chini ya shuka, akaulizwa huyu ni nani, akajitaja yeye mwenyewe. Halafu akaulizwa na wewe je, akamtaja marehemu.

"Sasa umeona," shangazi alisema siku aliporudi. Safari hii redio ilikuwa imezimwa kabla hajabisha hodi. "Jina uliloliona kwenye daftari la maziko, lile usilolijua, ndilo la baba. Alituambia sisi watoto wake watatu akiwa mgonjwa, tukiwa tumemzunguka kitandani. Wenzangu wamekwenda, nimebaki nalo mimi."

"Alikimbia nini?"

"Barua. Alikuwa amesoma kidogo shule, na kule machimboni wenzake walikuwa hawajui kuandika, basi akawaandikia barua ya malalamiko. Maji machafu, na mwamba una nyufa. Alitaja hata upande wenye nyufa. Wakubwa wakaliweka jina lake kwenye orodha, popote atakapoomba kazi afukuzwe, na kule kwenyewe alikuwa anasubiri kukamatwa. Wiki ya pili mwamba ukaanguka upande ule ule aliousema. Yule rafiki yake ndiye aliyekuwa zamu." Shangazi akainyoosha kanga yake magotini. "Cheti chake kilikuwa kimebaki chumbani, chini ya mkeka. Baba alisema alikitazama usiku kucha."

"Na mke wa yule mtu? Alijua ana mke?"

"Alijua. Alijua na mimba. Alisema atakwenda, akaogopa kwamba akifika tu na kueleza, atakamatwa kwa kosa la kutumia jina la mtu. Akasema atakwenda mwaka ujao. Halafu akaoa, akatupata sisi, na mwaka ujao haukufika. Mgeni akiulizia jina lake mlangoni, yeye alikuwa akitoka kwa mlango wa nyuma. Sisi tulidhani ni haya."

Nanikasema alitaka kukasirika, lakini hakujua amkasirikie nani kwanza. Wakubwa wa machimbo wamekufa. Babu amekufa. Na yule mzee aliyeogopa mlango wake mwenyewe ndiye aliyemwachia nyumba, jina na, pengine, hata kufuli nne.

Semina iliisha Ijumaa. Mwuguzi alikuja Jumamosi na viatu vyake vyeupe, na safari hii Nanikasema alimpa kiti, akafunga mlango wa duka nusu, akapanga nakala mezani moja baada ya nyingine. Alieleza kama anavyomweleza mteja kwamba kitasa hakitengenezeki: polepole, bila kuzungusha. Mwuguzi alisoma kila karatasi. Kwenye alama za dole alimwomba kioo.

"Kwa hiyo wewe si ndugu yangu," alisema mwishowe.

"Si ndugu yako hata chembe."

"Na babu hakutuacha."

"Hakuvuka hata geti la machimbo."

Mwuguzi aliweka kioo chini. Nanikasema alingoja. Alingoja lile neno alilokuwa akilitarajia tangu Jumanne ile, na lilipochelewa kuja akashindwa kuvumilia, akalisema yeye.

"Nyumba tunayokaa ilijengwa kwa jina la babu yako. Hati ina jina lake."

Mwuguzi alimtazama kana kwamba amezungumza kwa lugha nyingine.

"Nyumba ninayo," alisema. "Inavuja, lakini ninayo. Kaburi namba kumi na saba linaonekana bado?"

Walikwenda Jumapili, mwuguzi, Nanikasema na mkewe, aliyekataa kubaki. Shangazi magoti hayakumruhusu. Alimshika mwuguzi mikono mlangoni kwake, akamwomba msamaha kwa niaba ya baba yake, na mwuguzi akajibu kwamba msamaha huo si wake kuutoa, mwenyewe ni mama yake. Nanikasema aliona jibu hilo ni la haki, ingawa lilimchoma.

Kaburi lilionekana. Namba ilikuwa kwenye kibati kidogo, kimeliwa na kutu, moja imebaki na saba ni ya kukisia. Nanikasema alihesabu safu kutoka pande zote mbili mpaka akaridhika. Mwuguzi alipiga magoti, akang'oa majani kwa mikono, kisha akatoa simu na kumpigia mama yake. Mama huyo alikuwa na miaka themanini na nne. Mwuguzi aliweka sauti ya nje ili wote watatu wasikie.

"Mama, nimempata. Niko naye hapa."

"Anaishi?"

"Hapana, mama. Alikufa kazini. Hakwenda reli, wala hakuoa mwingine. Alikufa hapa hapa."

Upepo ukapiga kwenye simu.

"Alikufa lini?"

"Mwaka wa arobaini na moja. Mwezi wa nne."

"Mimi nimezaliwa mwezi wa sita," mama alisema. Kisha akaongeza: "Basi hakujua hata kama ni msichana."

Mke wa Nanikasema alijifunika uso kwa mtandio. Nanikasema alitazama maji ya kijani kule shimoni, akapiga moyo konde, akamwomba mwuguzi simu. Alimweleza mama yule yeye ni mjukuu wa nani, babu yake alifanya nini, na kwamba shangazi yake ndiye aliyemsimulia. Hakupunguza kitu. Alipomaliza alisimama akingoja kutukanwa, na alikuwa tayari.

"Yaani miaka yote hiyo," mama alisema taratibu, "nimekuwa nikimlaani mshika bendera wa reli."

"Ndiyo, mama."

"Nikamlaani asiye wangu."

"Alikuwa anastahili kidogo, mama."

Upande wa pili kukatoka sauti ambayo Nanikasema hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio, na kwa mara moja maishani hakuuliza.

"Usikate," mama alisema. "Wamekula pamoja, wamelala chumba kimoja. Huyo babu yako lazima aliwahi kusema kitu juu ya baba yangu. Nenda kamwulize shangazi yako, halafu unipigie. Nataka kujua alikuwa akicheka namna gani."